Kiti Mwendo Hakikohoi

Kila inapokaribia tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, picha ileile hurudi. Kuna turubai, kuna viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, kuna kipaza sauti kinachokoroma, na mbele ya meza kuu vimepangwa viti mwendo vipya ambavyo bado havijavuliwa nailoni. Mheshimiwa husimama nyuma ya kimojawapo akashika vishikio vyake. Aliyeketishwa humo hutabasamu, au huambiwa atabasamu. Wapiga picha hufanya kazi yao. Sina ugomvi na viti hivyo. Asiyeweza kusimama anakihitaji kiti kama mvuvi anavyohitaji chombo, na anayekitoa apewe shukrani zake. Ugomvi wangu ni na fikra iliyojibanza nyuma ya picha hiyo, kwamba aliyeumia uti wa mgongo amepungukiwa na miguu tu, na kwamba tukishampatia kitu cha kumpeleka huku na kule, deni letu kwake limelipwa.

Fikra hiyo inaua. Watu walioumia uti wa mgongo, hasa walioumia shingoni na sehemu ya juu ya kifua, hawafi kwa kukosa kutembea. Wakishavuka miezi ya mwanzo, kinachowanyemelea miaka mitano, kumi au ishirini baadaye ni mapafu yao. Nchini Marekani, ambako kumbukumbu za majeruhi wa aina hii zimetunzwa tangu miaka ya 1970, magonjwa ya mfumo wa upumuaji, nimonia ikiwa mbele, yamo katika safu ya kwanza ya visababishi vya vifo vyao. Na hiyo ni nchi yenye mashine, wataalamu na bima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na majeraha ya uti wa mgongo. Wapo wa kwetu humo: abiria wa bodaboda, mkwezi wa minazi, mtoto aliyepanda mwembe, kibarua wa mjengo, dereva wa lori.

Lugha nayo inatutatiza kidogo. Tukisema uti wa mgongo tunaweza kuwa na maana ya ile nguzo ya pingili tunayoigusa kwa kidole, au ya ule ugwe laini wa neva unaopita ndani yake. Na tukiongeza neno homa mbele, tunazungumzia ugonjwa mwingine kabisa. Matokeo yake ni kwamba watu wengi wanaposikia fulani kavunjika mgongo, wanawaza mfupa, na mfupa huunga. Ugwe ule hauungi kama mfupa unavyounga. Ndio njia inayopitisha amri zote zinazotoka ubongoni kwenda mwilini na habari zote zinazorudi, na amri hizo si za miguu pekee. Zimo za kibofu, za utumbo, za jasho, za mapigo ya moyo. Zimo na za pumzi.

Naomba msomaji anivumilie katika darasa fupi la maumbile, kwa kuwa bila hilo hoja yangu haitaeleweka. Pumzi yetu huendeshwa kwanza na kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Neva za kiwambo huchipuka kwenye ugwe wa shingo, katika ngazi ya tatu, ya nne na ya tano. Aliyeumia juu ya hapo hawezi kupumua bila mashine. Ndivyo alivyoishi mwigizaji wa Marekani Christopher Reeve, aliyeanguka kutoka juu ya farasi Mei 1995, akaishi na mashine ya kupumulia hadi kifo chake Oktoba 2004. Katika mazingira yetu, walio wengi wa kundi hilo hawafiki hospitali. Lakini aliyeumia chini kidogo ya hapo, tuseme ngazi ya sita au ya saba ya shingo, kiwambo chake kinafanya kazi. Anapumua. Anaongea. Anacheka. Jamaa zake humtazama kitandani wakasema, alhamdulillahi, kifua kizima, ni mikono na miguu tu.

Kifua si kizima. Misuli iliyo kati ya mbavu hupata amri zake kutoka ugwe wa kifua, na misuli ya tumbo kutoka nusu ya chini ya ugwe huohuo. Yote hiyo imekatiwa mawasiliano. Weka kiganja juu ya tumbo lako, msomaji wangu, kisha ukohoe. Utahisi tumbo limekaza ghafla kama ngoma. Kukohoa ni kazi ya tumbo zaidi kuliko ya koo: unavuta pumzi ndefu, unafunga mlango wa sauti, kisha misuli ya tumbo inasukuma hewa kwa nguvu, na hewa inatoka na chochote kilichokwama njiani. Mtu ambaye tumbo lake halipokei amri anaweza kutoa mlio unaofanana na kikohozi, lakini ni mlio usio na msukumo. Makohozi yanabaki yalipo. Kwa walioumia shingoni kuna nyongeza ya balaa, kwa sababu neva zinazopanua njia za hewa zimepoteza usemi na zile zinazozibana zimebaki peke yao, hivyo mirija hubana kirahisi na ute unaweza kuzidi. Mafua ambayo mimi na wewe tunayamaliza kwa siku nne na chai ya tangawizi, kwake ni safari ya hatari.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa mkwezi. Alianguka kutoka juu ya mnazi asubuhi ya siku ambayo hata mvua haikunyesha, akavunjika shingo sehemu ya chini, akaishi miaka 11 baada ya hapo. Miaka ile haikuwa ya kusubiri kufa. Aliwasomesha watoto kwa duka dogo la rejareja aliloliendesha kwa sauti, yeye akiwa barazani akitaja bei na mwanawe akipima sukari. Alikuwa shabiki wa mpira wa kupindukia, na mabishano yake ya Jumapili yalijaza baraza. Dada alimgeuza usiku kucha kila baada ya saa mbili, kama alivyofundishwa siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na katika miaka yote 11 hakupata kidonda kikubwa hata kimoja. Nataka hilo liwekwe katika kumbukumbu, kwa kuwa ni kazi ambayo wodi nyingi zinashindwa kuifanya.

Akapata mafua. Siku ya tatu sauti ikawa ndogo, siku ya nne akawa hataki kula, usiku wa siku ya tano akawa anasinzia katikati ya maneno. Hospitali waliyompeleka, ambayo sitaitaja, ilimwekea oksijeni, ikampa dawa ya sindano na dawa ya maji ya kikohozi, ikamwinua kwa mito mitatu. Alifariki alfajiri ya pili. Wiki kadhaa baada ya arobaini nilikwenda kumtazama dada. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Mdogo wangu," akaniambia, "mimi nilifundishwa kidonda, nikafundishwa mpira wa mkojo, nikafundishwa choo. Kifua hakuna aliyenifundisha. Mume wangu hakufa kwa mgongo, amekufa kwa mafua."

Nimeyasoma mengi tangu siku ile, kwa mazoea ya kazi yangu, na sijapata sentensi inayoueleza upungufu wa sera zetu kwa usahihi kuliko hiyo.

Ni vyema kukumbuka kwamba kilichofanya watu hawa waishi hata wafikie kuuawa na mafua ni ushindi mkubwa wa tiba, tena ushindi wa juzi tu. Matabibu wa Misri ya kale, katika maandishi yenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, walilihesabu jeraha la pingili za shingo lenye kupooza viungo kuwa miongoni mwa maradhi yasiyotibiwa. Hali ilikuwa karibu hiyohiyo hadi Vita Kuu ya Kwanza, ambapo majeruhi wa aina hii kwa wingi walikufa katika wiki na miezi ya mwanzo, kwa vidonda vilivyooza na mikojo iliyorudi kwenye figo. Mageuzi makubwa yalikuja Februari 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alipofungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa mpya ya kuunga ugwe. Alikuwa na ukaidi. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, bila udhuru, na alizunguka mwenyewe usiku kuhakikisha. Aliangalia vibofu. Aliwatoa kitandani wakafanya kazi na michezo. Mashindano ya upinde aliyoyaandaa Julai 1948 ndiyo mbegu ya Michezo ya Paralimpiki. Sindano za penisilini zilisaidia, lakini msingi wa mageuzi yale ulikuwa utaratibu na mikono ya watu.

Kisha figo zikalindwa zaidi, katika miaka ya 1970, kwa njia rahisi ya mgonjwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mrija safi mara kadhaa kwa siku. Maadui wawili wa zamani, kidonda na figo, wakarudishwa nyuma. Aliyebaki mstari wa mbele ni pafu. Historia hiyo inaonyesha kwamba kila hatua ilipopigwa, haikupigwa kwa mtambo wa ajabu, bali kwa mtu fulani kukataa kuamini kwamba kifo kile ni cha kawaida. Dada yangu alifundishwa somo la mwaka 1944 na somo la miaka ya 1970. Somo lililofuata halikumfikia.

Na somo lenyewe si gumu. La kwanza ni kikohozi cha kusaidiwa. Msaidizi huweka viganja chini kidogo ya mbavu, mgonjwa huvuta pumzi ndefu kadiri awezavyo, na anapojaribu kukohoa msaidizi husukuma kwa ndani na kwa juu, akifanya kwa mikono yake ile kazi ambayo tumbo limeacha kuifanya. Mtu hujifunza hilo kwa saa chache mbele ya mtaalamu wa viungo. Si jambo la kujifunzia kwenye makala, kwa sababu kuna jeraha bichi, kuna mbavu dhaifu, kuna tumbo lililojaa chakula, na kila kimoja kina tahadhari yake. Lakini ni mikono mitupu. Haihitaji umeme. Zipo pia mashine zinazovuta makohozi kwa kupuliza hewa na kuinyonya ghafla, zilizobuniwa enzi za mlipuko wa polio mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ningependa hospitali zetu za rufaa ziwe nazo; hata hivyo mtu asizitumie kuwa kisingizio. Hata mpira wa mkono wa kusukumia hewa, ukiwa katika mikono iliyofunzwa, unaweza kulijaza pafu pumzi juu ya pumzi hadi kikohozi kipate nguvu.

La pili linashangaza wengi. Mtu mwenye matatizo ya kupumua sisi humwinua kwa mito, kwa kuwa ndivyo tunavyojua tangu utoto. Kwa aliyeumia shingo mambo huweza kuwa kinyume: aghalabu anapumua vizuri zaidi akiwa amelala chali kuliko akiwa ameketi. Tumbo lisilo na misuli ya kulishika huanguka mbele anapoketi, kiwambo hushuka nalo, na kiwambo kilichokwisha shuka hakina pa kwenda. Akilala, matumbo hukirudisha juu, kikapata nafasi ya kuvuta. Ndiyo sababu wataalamu huwafunga mkanda mpana wa tumbo wanapoketi kitini. Bibi zetu wa pwani wangeelewa mara moja, maana wanaujua mkaja, kitambaa anachofungwa mzazi baada ya kujifungua ili tumbo lisilegee. Simwambii mtu amfunge mgonjwa wake mkaja kesho asubuhi. Nasema kwamba maarifa haya si ya mbali na sisi kiasi cha kudhani yanahitaji ndege kuyaleta.

La tatu ni kuutambua ugonjwa mapema, na hapa ndipo mfumo wetu wote wa kutambua unapokwama. Watu wa kale waliita ugonjwa huu kichomi, kwa sababu unachoma ubavuni. Asiyehisi chochote chini ya mabega kichomi hakimchomi. Anaweza kuwa na nimonia ya upande mzima bila kulalamika maumivu. Kikohozi nacho, ambacho ndicho dalili tunayoisubiri, hana. Katika nchi iliyomo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani, tunawahimiza watu waliokohoa kwa wiki mbili wakapime, kisha tunawapa kikopo watoe makohozi. Na huyu asiyeweza kuyatoa tumemwambia nini? Dalili zake ni za namna nyingine: sauti kupungua, usingizi wa mchana, kukosa hamu ya chakula, mikazo ya misuli iliyoongezeka ghafla, jasho lisiloeleweka. Dada yangu aliziona zote. Hakuna aliyemwambia zina maana gani.

Yapo na mengine ambayo nitayapita haraka. Kwa waliopooza mikono na miguu, kukatika kwa pumzi usingizini ni jambo la kawaida mno, katika tafiti nyingi zaidi ya nusu yao wanalo, na sisi tunaliita kukoroma. Chanjo ya vimelea vya nimonia tunawapa watoto wetu tangu mwaka 2013, na ni jambo la kujivunia. Kwa mtu mzima aliye katika hatari kama hii haimo katika ratiba ya kawaida. Sigara sina haja ya kuihubiri. Inatosha kusema kwamba watafiti wa Boston waliowafuatilia kwa miaka kadhaa wanaume walioumia uti wa mgongo zamani, miongoni mwao wanajeshi wastaafu, waliandika mwaka 2005 kwamba vilivyoambatana na kifo ni sigara, kisukari, ugonjwa wa moyo na udhaifu wa mapafu. Ni mambo yanayopimika, na baadhi yake yanazuilika.

Sasa nirudi kwenye siasa, ambako ndiko kazi yangu iliko.

Mwaka 2021, baada ya kupata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali yetu ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Tulijengewa madarasa, tukachimbiwa visima, tukafungiwa mitambo ya kuzalisha oksijeni na vyumba vya wagonjwa mahututi. Nilisifu wakati ule na ninasifu leo. Lakini oksijeni ni gesi, haisukumi makohozi. Kwa mgonjwa ambaye tatizo lake ni udhaifu wa misuli ya kupumua, oksijeni peke yake inaweza hata kutuhadaa, kwani namba kwenye kidole inapendeza ilhali hewa chafu inazidi kujikusanya damuni na mgonjwa anazidi kusinzia. Tulinunua mtambo. Mtu wa kuweka viganja chini ya mbavu hatukumwajiri. Ndiyo tabia ya matumizi yetu ya umma, na haikuanzia katika afya: kinachoweza kuzinduliwa kwa kukata utepe hupata fedha kabla ya kinachofanywa na mikono kila siku bila shahidi.

Sheria tunazo. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara zake za 25 na 26 zinataja afya na utengamao waziwazi. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Yote ni mema. Ukitazama kwa makini, hata hivyo, utaona kwamba mlemavu anayefikiriwa humo ni mtu anayehitaji mtaji, ajira na njia ya mteremko mlangoni. Ni sahihi kumfikiria hivyo. Sharti moja halijatajwa: awe hai. Machi 2024, mvutano kuhusu kitita cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipozitikisa hospitali binafsi, mjadala mzima ulikuwa juu ya bei. Na sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Swali langu kwa wanaoiandalia kanuni na mafao ni dogo: mtu aliyeumia uti wa mgongo miaka minane iliyopita, ambaye leo hajaugua, atalipiwa kupimwa nguvu ya kikohozi chake na kupewa chanjo? Au atasubiri hadi alazwe, ndipo alipiwe kitanda?

Hili la ambaye leo hajaugua ndilo kiini. Hospitali zetu kubwa, pale MOI jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi, zina watu wanaojua kuyahudumia majeraha haya, na nimewaheshimu kila nilipowasikia wakieleza kazi yao. Wenzetu wa Kenya wana hospitali maalumu jijini Nairobi, iliyoanzia kuuguza majeruhi wa Vita Kuu ya Pili. Nayo haitoshi, ndiyo maana mwaka 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepoozeshwa na risasi za majambazi, alifunga safari kwa kiti mwendo kutoka Nairobi akielekea Afrika Kusini ili Wakenya wachangie ujenzi wa kituo cha utengamao. Lakini wodi, hata ikiwa bora namna gani, ina mlango wa kutokea. Mgonjwa akitoka hapo anarudi Kisarawe, Nachingwea, Kakonko, na miaka yote ya maisha yake inayobaki anakuwa mgonjwa wa mkewe.

Nasema mkewe kwa makusudi; wakati mwingine ni mama, dada, au binti aliyeacha shule. Utaratibu wetu wa huduma kwa watu hawa umejengwa juu ya mgongo wa mwanamke asiyelipwa, asiyefundishwa na asiyepumzika, na hakuna bajeti inayomtaja. Mwanamke huyo ndiye anayepika kwa kuni au mkaa, mara nyingi hatua chache kutoka kitanda cha mgonjwa. Tangu Mei 2024 tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Katika orodha ya watakaotangulia kupewa mitungi ya gesi kwa ruzuku, ningeiweka nyumba yenye mtu ambaye hawezi kutoka nje moshi unapojaa wala kukohoa unapomwingia.

Najua nitakachojibiwa. Nchi ina malaria, ina vifo vya wajawazito, ina zahanati zisizo na muuguzi wa pili; wewe mwalimu wa chuo unatuletea kundi dogo lenye mahitaji makubwa. Hoja hiyo ingekuwa nzito kama ningeomba mashine. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima. Watafundishwa mengi. Ninachoomba ni siku moja ya mtaala huo: dalili za kifua kwa aliyepooza, namna ya kumsaidia kukohoa, wakati wa kumkimbiza hospitali, na namna ya kuwafunza wa nyumbani. Naomba pia karatasi moja anayopewa mgonjwa siku ya kuruhusiwa, kwa Kiswahili chepesi, ambayo akiifikisha kwenye zahanati yoyote usiku wa manane itamwambia mganga aliyepo kwamba huyu hakohoi, usimwache hadi asubuhi. Na kuhusu udogo wa kundi: hesabu bodaboda zilizopo kwenye kituo kimoja cha mtaani kwako, kisha unitajie abiria wangapi wamevaa kofia ngumu.

Tena hatujui kundi hilo ni dogo kiasi gani, kwa sababu tumelifuta wenyewe. Cheti cha kifo cha shemeji yangu kimeandikwa nimonia. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Miaka 11 ya jeraha haikuandikwa popote, hivyo katika takwimu za taifa yeye ni mtu wa makamo aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua, kama wengine. Kumwongezea karani wa wodi mstari mmoja wa kuandika jeraha la msingi hakugharimu chochote.

Dada yangu, kwa kuwa ni mtu asiyekaa bure, alimtafuta mtaalamu wa viungo aliyestaafu akajifunza alichonyimwa. Sasa huitwa na nyumba tatu za kata yake zenye watu waliopooza, moja ya kijana wa miaka 19 aliyeanguka na bodaboda. Huwafundisha mama zao pa kuweka viganja. Kijana huyo ni mwanakwaya, na dada anasisitiza aimbe kila jioni, hata peke yake. Huko Melbourne, Australia, watafiti waliwahi kuwapa waliopooza mazoezi ya kuimba kwa wiki kadhaa wakakuta sauti zao zimepata nguvu, ingawa mabadiliko katika kupumua kwenyewe yalikuwa madogo. Dada hajausoma utafiti huo. Anasema tu kwamba siku asipomsikia akiimba kutoka barabarani, huenda kumtazama.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Nimemwandikia mbunge wa jimbo letu barua ya kurasa mbili yenye maombi matatu: siku moja katika mtaala wa wahudumu wa jamii, karatasi ya mgonjwa, na mstari katika cheti. Nimeambatisha jina la dada, kwa idhini yake, kama mtu anayeweza kuitwa mbele ya kamati ya Bunge inayohusika aonyeshe kwa mikono yake. Akijibu, nitawajulisha; asipojibu, nitawajulisha vilevile.